Mwenye Mayai ni Dume

Voi, Alhamisi

Kwa makasi, kweli. Mwalimu Mwakio, ninayemwandalia maabara kila siku, alikata jina langu kwenye mchoro wangu, akaupeleka maonyesho ya sayansi Mwatate kama wake.

Wiki tatu nilimchora samaki wa matumbawe aliyehifadhiwa kwenye chupa ya maabara: mwembamba kama penseli, mdomo kama mrija, pete za njano na nyeusi, mkia mwekundu wenye doa jeupe. Mayai yamebandikwa chini ya tumbo. Mwakio alikuwa akiniletea chai na kuniita dada.

Leo nilikaa viti vya nyuma katika ukumbi wa maonyesho. Jaji akauliza, "Anayebeba mayai hapa ni nani?"

"Ni mama yao," Mwakio akajibu.

Jaji akautazama tena mchoro. "Kuna mtu alikusaidia kuchora?"

"Hapana, ni kazi yangu pekee."

Kwenye ile pembe aliyoikata, juu ya jina langu, nilikuwa nimeandika kwamba mayai hubebwa na dume. Makasi yaliondoa vyote viwili.

Ndipo Mwakio akageuka, akanitafuta kwa macho.

Nikainamia viatu vyangu. Labda ningemsaidia... Hapana. Chai ya kesho nitajipikia.