Jiko la Ndani ya Meli

Mwanangu, naandika nimesimama, mguu mmoja uko nje. Ukitoka kuoga, epua maharage. Kimeli changu hapo mezani usikiguse, gundi bado mbichi.

Asubuhi uliniuliza, "Baba, jiko la ndani unalihangaikia la nini, na sitaha italifunika? Nani atachungulia?" Nikakufokea bure. Nisamehe.

~~Naenda kununua bati la shaba.~~ Shaba basi, ni ghali. Sufuria nitazichonga kwa vizibo. Lakini jiko halitoki. Kwenye meli ya kweli nilipika humo miaka tisa, na ndilo lililokusomesha, bibie.

Nahodha wetu amepofuka. Fundi mitambo amefariki. Meli yenyewe ilikatwakatwa, ikauzwa chuma chakavu. Mpishi kaenda kutafuta vizibo.

Baba