Karanga Zimekula Mwisho wa Hadithi

Jumatatu, 4 Mei 1953
Karanga zimeungua. Nikapiga kelele sokoni: "Karanga za moshi, dawa ya mafua!" Zimekwisha kabla ya adhuhuri. Mungu anisamehe.

Furushi la vitabu nililonunua kwa mwalimu aliyehamishwa linaelekea ukingoni. Lilikuwa la kufungia karanga na bizari tu. Ila masika yote hii nasoma kwanza, nachana baadaye. Cha kufuga nyuki kitamu sana. Nyuki sina. Cha malaria kina picha ya mbu mkubwa kama mbuzi. Nilimfungia nayo bizari mzee mmoja, akaniuliza mnyama huyu analiwa? Cha adabu za mezani nimekirudia mara mbili. Meza pia sina.

Lakini vyote havioni ndani kwa hadithi ya mpishi wa sultani. Kasingiziwa kuiba pete. Niko katikati. Sitaki kiishe.

Jumamosi, 9 Mei
Sikitu kashuka na lori toka Kinole na pilipili manga yake. Kila Jumamosi akishauza anakaa juu ya gunia langu, namsomea. Yeye kafika la nne, mimi niliishia la pili. Anasema sultani wangu ana sauti ya dalali.

Leo nimemwuliza tena habari ya kuoana.

"We Rajabu, mpishi akipona, njoo kwa mjomba. Akinyongwa, uza karanga zako."

"Yaani niponzwe na pete ya watu?"

"Soma bwana, lori linaondoka."

Nimempa karanga za kula njiani. Moyo unaruka kama karanga kikaangoni.

Jumatano, 13 Mei
Balaa. Mwisho wa kitabu hakuna! Mpishi kasimama mbele ya sultani, kamba tayari, halafu jalada.

Ni mama. Ijumaa alinisaidia kufunga karanga. Nilimwambia achane kurasa za mwanzo tu, hizo nimeshasoma. Mama kasoma chuo cha Kurani, na vitabu vya chuoni vinaanzia kulia. Kachana za mwanzo kweli. Mwanzo wake yeye.

Nilipomweleza kanijibu, "Aliyekifunga kinyume ni nani, mimi?"

Nimekasirika. Mama hagombezwi. Nimekula ugali.

Ijumaa, 15 Mei
Nimezunguka mtaa wote wa Mwembesongo naulizia karatasi za karanga. Wengi wamewashia moto. Fundi cherehani kanipa moja imeloa mafuta. Nimeisoma mbio. Tangazo la vitabu vingine.

Watu wananicheka. Leo mimi sicheki. Naogopa. Namtaka Sikitu kweli.

Jumamosi, 16 Mei
Nimemwambia yote. Kacheka mpaka pilipili zikamwagika.

"Na mimi wiki jana ulinifungia karanga kwa karatasi gani?"

Nikakumbuka: zile karanga za njiani!

"Mpishi kapona," kasema. "Njoo kesho. Mjomba mletee tumbaku."

"Karatasi iko wapi, nisome?"

"Nyumbani. Huniamini?"

Nimerudi naimba. Mama kasema basi yeye ndiye kaniozesha.

Jumapili, 17 Mei
Leo lori limeishia Mkuyuni, kisha miguu mpaka Kinole. Kupanda tu. Shati limelowa.

Shikamoo nimetoa nyingi. Mjomba kanusa tumbaku, kaniangalia, kauliza kama karanga zinalisha mtu. Nikasema zinalisha hata wawili. Kacheka kidogo. Kasema nirudi na wazee wangu. Huku mjomba akishasema, imekwisha.

Nimeingia jikoni kuomba maji. Karatasi ilikuwepo, imefunika kopo la chumvi. Nimeisoma nimesimama.

Mpishi kanyongwa. Mstari wa tatu tu. Pete ikaonekana baadaye ndani ya kiatu cha sultani.

Sikitu alikuwa anamenya ndizi, kanipa mgongo. Hakugeuka.

Nimeirudisha karatasi juu ya kopo. Nikachukua kisu kingine, nikakaa, nikamenya naye.