Nimepungua, Lakini Sina Nguvu za Kumnyanyua Mama

Bi Mwatum mpenzi, naomba unisaidie maana nshachoka na sina pa kulisemea hili. Mimi ni mke wa mtu hapa Kikwajuni, mwaka jana nilikwenda Bara nikafanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo la chakula, maana unene ulishanitesa, magoti yanauma na sukari inapanda, na kweli nimepungua, nikipita mtaani Mlandege watu wananisifu, mume wangu Himid anaambiwa ameoa mke mpya naye anacheka, lakini hawajui kwamba nyama ikishuka tu nnatapika, kwa hiyo nimeacha nyama, nimeacha samaki, nnaishi kwa chai na uji, na vidonge vya vitamini nilivyopewa hospitali vilipokwisha sikununua vingine kwa kujiona mzima.

Sasa nywele zinanyonyoka, miguu inakufa ganzi, nikisujudu siinuki mpaka nishike kitanda. Mama yangu amepooza na mimi ndiye nnayemwogesha. Wiki iliyopita nnamnyanyua kwenye kiti cha kuogea, mikono ikaniishia nguvu, akaanguka chooni akapasuka kipaji cha uso. Hakunilaumu. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, nguvu zako zimekwenda wapi?" Tangu hapo hataki nimguse, anamwita dada yangu Faiza, na Faiza kanambia, "Ulitaka uzuri, ndio huo." Hospitali nnaogopa kurudi wasije wakanambia nimejiharibu mwenyewe, Himid sijamwambia kitu, nnajificha jikoni nnalia, natamani hata unene wangu urudi. Nifanye nini?

Nadra, Kikwajuni

Nadra, pole, na mama mpe pole yangu. Hukumwangusha kwa uzembe, na dada yako kakosea: ulikuwa mgonjwa, ukatafuta tiba. Lakini nami nitakusema. Umepunguzwa tumbo, kisha hako kadogo kalikobaki unakajaza chai? Mwili usiopata chakula cha kuujenga hula misuli yake wenyewe. Wanaokusifu wanaona kilo zilizopungua, misuli hawaioni.

Nimemuuliza Daktari Mahfoudh, ambaye hunisaidia katika safu hii. Kanambia, "Kutapika pamoja na ganzi si jambo la kungoja. Huenda ni upungufu wa vitamini, na ukichelewa mishipa ya fahamu huharibika isipone tena." Sikufichi, huenda si nguvu zote zitakazorudi.

Himid mwambie sasa hivi, akupeleke hospitali upimwe damu, na useme yote, hata vidonge ulivyoviacha. Vile ni vya maisha. Wakikusema, wasikilize, lakini usitoke bila tiba. Ukishatulia, kila mlo uanze na yai laini, mtindi, dengu za kupondwa au samaki aliyechambuliwa miba, kijiko kimoja kimoja, ukitafuna sana. Uji ufuate baadaye. Maji usinywe pamoja na chakula. Daktari akikuruhusu, jizoeze kukaa na kuinuka kitini, maana misuli bila kazi hairudi. Na mama asinyanyuliwe tena na mtu mmoja, hata akiwa Faiza.

Aibu unayoiogopa itapita. Lakini miguu haitakungojea mpaka uwe tayari. Ukimaliza kusoma hapa, vaa buibui utoke.