Bandama ya Paka

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi sokoni Kasulu na bandama ya kulisha vitoto vya paka. Kabla sijavua viatu, mama mkwe keshaitia sufuriani. Tena! Kaichemsha mpaka imekuwa ngumu kama soli. Vitoto vimenusa, vikaondoka. Akaviwekea ugali na mchuzi wa maharage. Paka na maharage wapi na wapi?

Jumatano, 5 Machi

Mama yao aligongwa na pikipiki, vikabaki viwili, cheusi na cha madoa. Matumbo makubwa, migongo mifupa mitupu. Kwetu Kitahana paka walikula nyama mbichi na panya hawakusogea ghalani. Hapa Makere panya wametoboa gunia la mbegu, na paka wenyewe ndio hawa, hata kusimama hawawezi. Mama mkwe anasema nyama mbichi ni mauti. Kwa nini? Hasemi.

Baba Neema naye, "Msikilize mama." Kila siku msikilize mama. Mume gani huyu, kaufyata nyumbani kwake mwenyewe?

Ijumaa, 7 Machi

Cheusi kimekufa. Nimekikuta nyuma ya mafiga, kimekakamaa.

Nimelia kwa hasira. Nikamwambia mama mkwe usoni, amekiua kwa ugali wake. Alichukua jembe akaenda kukizika mwenyewe. Heri angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilikipa cha madoa nyama mbichi nyuma ya choo. Najificha kama mwizi kwenye nyumba niliyoolewa! Kilikula kikinguruma. Basi mama mkwe huyo, sijui katokea wapi. Akakinyang'anya kipande mdomoni. Kikamkwaruza, damu ikatoka, wala hakuachia.

Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Nilisema maneno ambayo mkwe hasemi. Sijutii hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Baba Neema hakwenda kanisani. Alinikalisha. Nikajua leo narudishwa kwetu.

Kumbe anataka kuniambia habari za dada yake, Spesioza. Sikujua kama aliwahi kuwa na dada. Walipokimbia Burundi walijificha msituni na njaa. Moto hawakuthubutu kuwasha, wangeonekana. Wakapata nyama ya mbuzi, wakaila mbichi. Spesioza, mtoto bado, akashikwa na tumbo, akafia mgongoni kwa mama yake. Na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemtafunia ile nyama na kumlisha.

Miaka yote hii nimo humu ndani, hakuna aliyeniambia! Nimemkasirikia Baba Neema kuliko siku zote. Angesema mapema ningeufunga huu mdomo. Jana majirani wote wamenisikia nikimwita mama yake muuaji.

Sikula mchana. Mama mkwe kaniwekea chakula, kakifunika.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nilimpigia magoti mama mkwe, nikaomba radhi. Aliniinua tu.

Baadaye niliwasha moto, nikaibabua bandama nyingine juu juu. Nje ikabadilika rangi, ndani bado nyekundu. Nikaikatakata upesi. Mama mkwe alikuja akasimama nyuma yangu.

"Imeiva, mwanangu?"

"Imeiva, mama."

Akavuta kigoda, akakaa. Akakitazama cha madoa kikila mpaka kikamaliza.