Poda ya Faustin

Siku ya kwanza ya juma, 8/7

Nimefagia. Uwanja wote, tangu mulango mukubwa mupaka ku choo. Mimi njo mwenye parseli hii, uwanja na vyumba vyake, lakini hawa batoto wa inivesite wanaopanga kwangu hawajui fagio inashikwa upande gani. Wananiita Bayeri, ni kusema mwenye nyumba. Heshima kubwa kwa mutu aliyefukuzwa ku ya tano primere juu alikojoa mu chupa ya wino ya mwalimu.

Ninaandika mu kaye ya mupangaji mumoja aliyehama. Kurasa za mbele ni masomo yake ya hesabu. Za nyuma ni zangu. Zangu zinaeleweka.

Leo Zawadi wa chumba ya pembeni alinikamata. Iko mwaka wake wa mwisho, anasoma mambo ya akili. Anaandika kazi ya kumalizia masomo: wanafunzi wa Bunia wako namna gani mu vichwa vyao. Mimi ninamuita Docta wa Vichwa. Alitaka kujaribisha kwangu karatasi yake ya maulizo, aone kama maneno iko wazi. Ulizo ya kwanza: mu juma mbili hizi, mara ngapi ulikosa hamu ya kufanya kitu? Nikajibu: kila mara weye unapika sombe. Alicheka mupaka akakaa chini. "Bayeri, hii ni ya wanafunzi, si ya wazee wa kuharibika!"

Maulizo iko tisa. Tulifika ya nane, akakunja karatasi. Nikamuuliza, na ya tisa? Alisema ile ni ngumu kidogo, hata kwa marafiki zake anairukaka.

Faustin wa chumba ya kati alitoka saa moja na sakoshi yake, sawa kila siku. Kijana wa Aveba, anasoma kilimo, mutulivu. Anatulia kupita kiasi. Nilimutupia: "Sakoshi imelala kama chapati, vitabu vilitoroka?" Alicheka na mudomo. Macho hapana.

Siku ya tatu, 10/7

Faustin amenipa redio yake. "Chukua, Bayeri. Mimi sina tena kazi nayo." Sikumuuliza mara mbili, mimi si mujinga. Redio nzuri, betri mupya.

Redio inasema njia ya kusini inapitika, lakini mutu asipite kisha saa kumi. Amani yetu hii. Iko na saa ya kufungua na saa ya kufunga, kama biro ya serikali.

Muchana nimelala. Kazi ingine hakuna.

Siku ya tano, 12/7

Leo ni siku kubwa! Proklamasio ku inivesite, wanasoma majina ya waliopita. Tangu saa nne mamoto, ni kusema pikipiki, yanapiga honi, batoto waliopita wanazungushwa mu mitaa ya Mbunya, vichwa vyeupe kwa poda kama wametoka mu gunia ya unga. Yule anayeshindwa, hakuna anayemumwangia. Anapita njia ya nyuma.

Matokeo ya Faustin sikuuliza; mutu anayetoka kila siku na sakoshi lazima amepita. Nikaenda ku butiki ya jirani yangu Mama Furaha, nikachukua kopo ya poda, ile kubwa ya batoto wadogo. Nikajificha nyuma ya mulango wa parseli kama mwizi. Saa nane Faustin akaingia. Nikamumwangia yote. Kopo nzima! Kichwa, masikio, sakoshi. Nikapiga kelele, Mama Furaha akaja na vigelegele, wamama wengine wakamufuata. Nimecheza mupaka goti likagoma.

Faustin alisimama tu. Poda inaanguka ku viatu. Hakujipanguza. Nilisema hii ni furaha inamufunga mudomo.

Kisha nikafanya kazi ya mutu mukubwa. Namba ya mama yake niko nayo tangu siku alipanga. Nikamupigia kule Aveba: Mama Faustin, mutoto wako amepita! Mama alilia mu simu. Anasema siku ya tatu ya juma inayokuja atafika na mbuzi.

Mimi muzee muzuri sana. Sikujua nilikuwa hivi.

Siku ya posho, jumamosi, 13/7

Faustin hakutoka mu chumba. Poda inachosha, nafikiri.

Mutoto wa Mama Furaha anatembea na viatu vya mupira vya Faustin. Anasema alipewa.

Siku ya yenga, jumapili, 14/7

Zawadi alirudi toka kanisa na sura mubaya. Akanivuta nyuma ya jikoni. Jina ya Faustin haiko ku liste. Si kwa waliopita, si kwa walioshindwa. Haiko kabisa. Zawadi aliuliza wenzake. Tangu Pasaka hawakumuona mu masomo. Hakufanya egizame, ni kusema mutihani, hata moja. Kila siku saa moja anatoka na sakoshi, anaenda kukaa ku viti vya stade ya mupira, tupu, mupaka saa nane, anarudi.

Miezi tatu! Na mimi kila asubuhi ninamufanyia mucheko juu ya sakoshi.

Nikamuambia Zawadi juu ya redio na viatu. Akasema hata yeye alipewa sahani na sufuria, juma iliyopita. Alifikiri Faustin anahama. Akasema: "Bayeri, mutu akianza kugawa vitu yake hivi…" Hakumaliza.

Akaleta karatasi. Ulizo ya tisa: je, uko na wazo ya kujiua? Iko hivyo, bila kuzunguka. Anasema mwalimu wao aliwafundisha kwamba kumuuliza mutu hakumupi ile wazo. Kunamupa mulango. Lakini lazima kusema neno lenyewe.

Nikasema, muulize weye Docta, njo kazi yako. Akasema: "Hapana. Mimi na yeye ni sawasawa, atanificha. Weye njo ulimumwangia poda."

Mutoto huyu ni mubaya na anasema kweli.

Leo Zawadi na mwenzake mumoja wa kwaya wamekaa mu chumba ya Faustin wakiimba. Faustin hakuimba, lakini hakuwafukuza. Kesho ni mimi. Ninaogopa.

Siku ya kwanza, 15/7

Nimeuliza.

Niliingia asubuhi na chai mbili na kiti yangu. Chumba tupu kama hospitali iliyofungwa. Godoro, meza, basi. Poda ingali iko nyuma ya masikio yake. Nilianza na mucheko juu ya mubunge. Ukaanguka. Nikaleta mwingine juu ya goti yangu. Ukaanguka pia. Wa tatu nilisahau mwisho wake. Mimi, kusahau mwisho wa mucheko!

Njo nikasema: Faustin, weye uko na wazo ya kujiua?

Aliangalia chai. Akasema, "Ndiyo, Papa."

Papa. Miaka mbili ni Bayeri, Bayeri. Leo Papa.

Sikukimbia. Nilitaka. Nikamuuliza tangu lini. Akaanza kuongea, na sauti yake ilikuwa kavu kama mutu anasoma tangazo. Kaka yake aliuawa njiani mwaka jana, siku watu walikuwa wanasema kumetulia. Yeye alizika, akarudi masomo siku ya pili yake, hakulia. Wote walimusifu, mwanaume wa kweli. Kisha Pasaka akaona anasoma ukurasa mumoja mara kumi na maneno haikai. Anakula, hakuna ladha. Analala, halali. Alisikia aibu, akaacha kuingia. Alikuwa anangoja kumuambia mama yake, kila siku kesho. Kisha poda. Alisema: "Ulipomwanga, Papa, nikasikia sasa hakuna tena njia ya kurudi."

Hiyo ni yangu. Ninaiandika ili nisiikimbie.

Nikamuambia kitu sijaambia mutu. Kisha kumuzika muke wangu, miaka ya vita, nilikaa ku kizingiti ya nyumba kipwa nzima, miezi yote bila mvua. Watu walisema muzee analinda mali. Nilikuwa silindi kitu. Nilikuwa ninangoja nife na hata ile nilikuwa mvivu kuifanya. Dada yangu akaja toka Boga, akakaa pembeni yangu, akatengeneza maharagwe. Hakusema neno ya maana hata moja. Siku zote alinitukana tu. Ilinisaidia.

Faustin aliniangalia mara ya kwanza leo. Akasema sikujua, Papa, weye unachekaka kila saa. Nikamuambia, ndiyo. Unaona sasa.

Nilikaa mupaka Zawadi akarudi. Alikuwa amekimbia kwa mwalimu wake, na mwalimu amemupa nafasi ya kesho ku santre moja ya afya, kwa mwanamuke anayetunza akili. Kitanda yangu nimeiingiza mu chumba ya Faustin. Hakukataa.

Siku ya pili, 16/7

Asubuhi Faustin aliambia Zawadi ninakoroma kama mashini ya kusaga. Nimefurahi kutukanwa.

Tulienda watatu. Mwanamuke wa santre ni mudogo, anasema pole pole, hana koti nyeupe. Nilifikiri atakuwa na mashini ya kichwani. Iko na kiti tatu na sanduku ya vitambaa. Akauliza vile vile, neno lenyewe. Faustin akajibu haraka kupita jana. Mwanamuke aliniambia nitoke, nikatoka. Saa nzima. Faustin alipotoka macho yalikuwa mekundu. Njo kulia kwa kwanza tangu kaka azikwe, alisema.

Amepewa dawa, Zawadi njo anaitunza. Asibaki peke yake. Arudi siku ya tano. Mwaka wa masomo unaweza kurudiwa, mwanamuke alisema, kuna barua ya kuandika, atamusaidia.

Imebaki mama. Nilipiga simu mara saba kumuambia ukweli. Imefungwa. Mama iko tayari njiani, na mbuzi yake.

Siku ya tatu, 17/7

Alifika saa sita, nyuma ya moto, mbuzi imefungwa mbele ya dereva. Kitenge mupya. Mu mukono kopo ya poda. Alianza vigelegele tangu kwa Mama Furaha.

Nilisimama pale pale nilisimama siku ile. Kofia mukononi. Nikasema: Mama Faustin, mimi niliongopa bila kujua. Mutoto hakupita. Hakufanya egizame. Ni mugonjwa wa akili, ya huzuni, alitaka kufa. Mimi njo nilifanya haraka. Tukana mimi.

Alishusha mukono na kopo. Vigelegele vilikatika. Akauliza kitu kimoja tu:

"Iko anapumua?"

Nikasema ndiyo, iko pale mu chumba, anakunywa chai.

Akanipita. Hakunitukana. Ningependa.

Nilimuona mu mulango. Alikaa chini ku simenti, akavuta kichwa ya yule mwanaume mukubwa mupaka ku mapaja. Akaona poda nyuma ya sikio. Akaifuta na kona ya kitenge, mate kidogo. Hapo Faustin akalia na sauti. Mama naye. Walikuwa wanamulilia na kaka pia, nafikiri. Nilifunga mulango.

Mbuzi ilikula mchicha wangu wote.

Siku ya tano, 19/7

Santre mara ya pili. Mama alienda naye, mimi sikuitwa. Vizuri.

Nimemurudishia Faustin redio. Alisema iwekwe ku dirisha, tusikie wote. Mutoto wa Mama Furaha hataki kurudisha viatu. Faustin alisema basi amufundishe kupiga mupira na mguu wa kushoto.

Zawadi amechapa karatasi zake mupya. Ulizo ya tisa hairukwi tena. Aliniomba nijibu zote, kwa kweli hii mara. Nilijibu. Ya kwanza ilinichukua muda.

Siku ya yenga, 21/7

Hakuna mvua. Joto.

Mama Faustin atakaa mupaka mwisho wa mwezi. Mbuzi bado inaishi, imepewa jina yangu. Asante sana.

Saa moja Faustin alitoka. Bila sakoshi. Nilibaki nikiangalia njia na moyo mukononi. Alirudi na bido mbili za maji. Moja ya kwangu.

Kisha akaoga. Mama yake akafungua ile kopo ya poda. Akamupaka ku shingo na ku mabega, kidogo tu, vile wanapakaka mutoto kisha kumuosha. Faustin aliinama, akamuachia.

Hakuna mutu alipiga kelele. Mimi nilikuwa ninafagia.