Upana wa Mzigo wa Kuni

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mtunda hatujambo, mbuzi wa mjomba wako kazaa pacha. Simu hupokei, basi soma.

Unaniuliza njia ya waenda kwa miguu, kando ya hiyo barabara yenu ya lami, uichore upana gani. Msomi mzima! Usichanani nilipanda baiskeli ya kaka, nikampigia kengele bibi mmoja, kuni zimekingama kichwani. Nikapita ubavuni, usukani ukanasa kwenye kuni, tukaanguka wote.

"Wee mwali, kichwa changu umekiona, kuni hukuziona?"

Nikamtwika, nikasukuma baiskeli nyuma yake mpaka kwake.

Malori ya lami hayashuki kumtwika mtu. Basi usimpime mtu mikono mitupu, mpime na kuni zake. Zangu bado nabeba mwenyewe.

Bibi yako