Mkono niliompa baba mkwe

Kitale, Jumapili, 1996

Nimempa baba mkwe mkono. Miaka kumi na mbili nimeolewa huko Myanga, na najua vizuri kwamba kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Leo nilishuka kwa gari nikamwendea moja kwa moja, nikamshika mikono yote miwili kama rafiki wa shule. Mama mkwe akapiga nduru.

Bwanangu Wafula alitoa zile picha za ubongo wangu nilizopigwa Nairobi, akaziinua dirishani. "Baba, ona hizi doa nyeupe. Ni huo ugonjwa wa MS. Unakula ubongo, mtu anasahau."

Mzee aliziangalia kwa makini, hata nikapata tumaini. Kisha akauliza, "Na heshima ilikuwa inakaa kwa doa gani?"

Wakacheka wote. Wafula pia. Wafula!

Tukirudi akaniambia, "Si heri huo ugonjwa ungekula miguu tu. Watu wangeona, wangekuhurumia." Hata mimi nimewahi kuwaza hivyo.

Sasa mzee anataka kondoo wa pili wa kusafisha hiyo aibu. Wa pili! Nilimuuliza Wafula wa kwanza alichinjwa lini. Akaniangalia, akazirudisha zile picha kwenye bahasha.

Nimefungua daftari hili niandike matusi yangu kabla hayajapotea. Huyo kondoo wa kwanza nimempata ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Nimempa baba mkwe mkono. Kondoo amechinjwa. Sitarudia."